Mwanachuo Mwenye Mvi na Pazia la Magunia

Mtu wa kwanza kuniuliza kwa nini pumba huruka na mchele hubaki alikuwa yeye. Nimekoboa mpunga Mbugani maisha yangu yote ya utu uzima, na watu wamekuja mashineni kwangu kulalamika, kusengenya, hata kuoneshana wachumba. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Yeye alisimama pale vumbi likimwagika kichwani, akasema, "Gwe, feni inapuliza vyote sawasawa. Mbona kimoja kinaondoka na kingine kinakaa?" Nikamwambia kwa sababu pumba ni nyepesi. Akauliza nyepesi kwa sababu gani. Nikamwambia atoke, ana mzaha na kazi za watu.

Tulikuwa majirani, ua kwa ua. Mimi nimesoma darasa la pili tu na sioni haya kulisema. Nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli, na ulipokuja ule wakati wa ruksa, mchele ukaruhusiwa kwenda popote na malori ya Dar yakaanza kuingia Kyela, nikanunua mashine, baadaye ya pili. Sikufundishwa na mtu. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wa daraja la chini kabisa, wale waliokaa miaka na miaka wakifundisha madarasa madogo tu kwa sababu cheti chao hakikuwaruhusu kupanda. Wenzake walipoacha chaki wakaenda kuvusha sabuni na vitenge kutoka Malawi, yeye mvi zikiwa zimemjaa akaomba kurudi chuoni. Kozi ya kupanda daraja. Tukaambiwa mlango huo ulikuwa karibu kufungwa kwa watu wa umri wake; akikosa safari ile, basi tena.

Toka hapo nikamwita Mwanachuo, na mpaka leo jina lake halisi linanijia kwa taabu.

Chuo chenyewe kilikuwa nyuma ya mashamba ya mpunga upande wa Ipyana, kidogo, mabati yenye kutu na mabweni mawili. Mimi nilikuwa nakipelekea mchele, ndiyo maana niliyaona mengi kwa macho yangu. Nilimkuta asubuhi anakimbia mchakamchaka nyuma ya vijana, amevaa kaptula ya mtumba yenye maandishi ya nchi gani sijui, anaitikia nyimbo kwa sauti kuliko wote na miguu haiendi. Kitanda alipewa cha juu. Vijana walimwonea huruma wakataka kumwachia cha chini, akakataa, akasema hajawahi kulala juu ya mtu, anataka kujua kukoje. Walimwita Babu. Aliitika.

Jumamosi akija nyumbani alipitia mashineni, nami nilimngoja, nisidanganye. Nilitaka kujua wanafanya nini kule. Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, lakini chuo sijakiingia, na kitu ambacho mtu hajakiingia humkereketa. Alinieleza kila kitu: maharage yenye wadudu, namna ya kuficha usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga ndani ya foronya mlezi wa bweni asinuse, namna kijana mmoja alivyofundisha somo zima huku zipu iko wazi na mkufunzi akaandika "zana zilionekana vizuri". Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mara moja alitoroka. Mtu mwenye wajukuu! Vijana walisikia meli imetia nanga Itungi, wakaruka uzio mchana, naye akaruka nao. Walipofika meli imeshaondoka. Wakarudi kwa miguu, mvua ikawanyeshea yote, na mkuu wa chuo akawa anawangoja getini. Adhabu ikawa kufyeka uwanja wa mpira. Akanitumia mtu nimwazime fyekeo langu, kwa kuwa ya chuo yalikuwa butu. Nikalipeleka mwenyewe nimwone. Nilimkuta kafyeka sehemu yake na ya mwenzake, jasho linamchuruzika.

"Huna haya, mzee mzima?"

"Haya ya nini? Nimewaadhibu watoto miaka yote hii. Sasa nimejua inavyouma kiunoni."

"Na meli hukuiona."

"Sikuiona. Lakini sasa najua inaondoka mapema kuliko wanavyosema."

Alikuwa na maneno yake. "Swali halizeeki," hilo alilisema karibu kila siku. Na mtu akijibu kwa heshima tupu bila kusema kitu, alisema, "Hilo siyo jibu, hiyo ni adabu." Mke wake alimwambia akiendelea hivyo atakufa hana rafiki.

Usidhani alikuwa mtu wa kuelewekaeleweka. Alihubiri kuchemsha maji nyumba hadi nyumba, halafu ukamkuta amepiga magoti mtoni anakunywa kwa kiganja. Alisema ushirikina ni ujinga mtupu. Mwaka kakao yake ilipooza peke yake kati ya mashamba yote, alinijia akaniuliza kwa sauti ndogo kama namjua mtu anayejua mambo. Nikamcheka wiki nzima. Alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kusema binti asome kama kijana, asome mpaka vitabu viishe. Lakini jambo moja la kimila alilishika kama kucha na kidole, na hilo ndilo lililotaka kumnyima cheti.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutazami usoni. Hali mbele yako, hakutaji jina, hasemi nawe. Mkikaribiana njiani, yeye ndiye anayeacha njia, anaingia majanini, anainama mpaka upite. Tunaita ukutila. Siyo chuki, ni heshima, na ina ukali wake. Siku hizo wengi walikuwa wameilegeza. Mchungaji mwenyewe alikula meza moja na mke wa mwanawe. Mwanachuo hakuilegeza hata kidogo. Mwanawe mkubwa, mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Malawi, alikuwa ameoa binti aliyemaliza kidato cha nne, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Huyo binti alichaguliwa ualimu, akapangiwa chuo cha mbali, akaenda. Kumbe huko nafasi zilizidi, wakamhamisha. Wakamhamishia Ipyana.

Alinisimulia mwenyewe. Asubuhi moja kwenye paredi, kiranja anatambulisha wageni, akasikia nyayo zinakimbia nyuma ya mstari, vijana wakaguna. Hakugeuka. Mtu akamnong'oneza, "Babu, huyu dada mpya amekuona akakimbilia nyuma ya jiko. Umemfanya nini?" Akajua papo hapo.

Wakasoma darasa moja. Hapo ndipo nilipoanza kwenda chuoni hata kama hakuna mchele wa kupeleka. Darasa lilikuwa na milango miwili: yeye akaingilia wa mbele, mkamwana wa nyuma. Yeye kiti cha mbele kabisa, asigeuke. Mkamwana kona ya mwisho, daftari limeinuliwa. Kwenye foleni ya chakula, mmoja akiwepo mwingine hayupo. Akawa anakohoa kabla ya kila kona ya jengo ili binti ajue anakuja, apate kukwepa. Vijana nao ni vijana, wakajifunza kukohoa. Ukisikia "khm!" nyuma ya bweni, binti wa watu anaruka kwenye mihogo, kumbe ni mtoto mmoja mjinga anacheka. Mwanachuo alipojua alimtafuta huyo kijana, akamkalisha chini. Sijui alimwambia nini. Kukohoa kukakoma.

Hayo yangepita. Kilichokwama ni mazoezi ya kufundisha. Kila mwanachuo alipaswa kusimama mbele, wenzake wajifanye watoto wa shule, wakufunzi wakae nyuma na kalamu. Lazima uulize darasa lote, lazima kila aliyeketi ajibu. Zamu ya mzee ikifika, mkamwana anatoka nje. Zamu ya mkamwana ikifika, mzee anatoka. Wote wawili wakawa wanakatwa alama. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa mbali, wa kusini pwani, si mtu mbaya ila hana subira na mambo yasiyoandikwa. Akawaita mmoja mmoja, akawaambia: wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Ama mtakaa darasa moja kama wanachuo wengine, ama mmoja aondoke.

Mmoja aondoke. Kyela nzima ilijua ni nani.

Tukakaa nyumbani kwa Mwanachuo, sisi majirani na ndugu. Mkamwana hakuwepo ndani, bila shaka. Alikuwa jikoni nyuma na mama mkwe wake. Mwanawe akasema, "Baba, mimi mke wangu namrudisha. Duka la mpakani linahitaji mtu." Kaka mkubwa wa Mwanachuo akasema mwanamke kumpisha baba mkwe ni desturi, hata njiani humpisha. Mwingine akasema Mwanachuo aivunje tu desturi, atoe ng'ombe kumfungua binti, yaishe. Wakabishana kama ng'ombe anafungua au hafungui. Nami nilisema langu, na sikulisema kwa kuzunguka: "Binti ana miaka mbele yake, chuo kitamchukua tena. Wewe ukikosa sasa umekosa. Arudi nyumbani."

Mwanachuo akamwuliza mkewe aliyesimama mlangoni, "Yeye anasemaje?"

Binti hatukuwa tumemwuliza. Mama akaenda jikoni, akarudi. "Anasema atafanya vile baba atakavyo."

"Hilo siyo jibu, hiyo ni adabu. Kamwulize tena."

Safari hii mama alikawia. Tukasikia sauti za chini, moto unapulizwa. Akarudi, akatazama chini. "Anasema anataka kusoma."

"Haya," akasema Mwanachuo. "Na mimi nataka kusoma."

"Sasa?" akauliza mwanawe.

"Sasa nendeni mkalale mchana huu, mmechoka kunisaidia."

Kesho yake akaja mashineni. Nikadhani amekuja kuniaga, kwamba anaacha. Akaanza kupima magunia yangu matupu kwa dhiraa, ya katani, yale mazito.

"Ya nini?"

"Pazia."

"Pazia la wapi?"

"La darasani. Njoo na sindano yako ya kushonea, mimi mkono wangu mbaya."

Nikamwambia amerukwa na akili. Nikaenda lakini, ningewezaje kutokwenda? Tukatundika waya kutoka dirishani hadi kwenye mhimili, tukaikata kona ile ya nyuma ikawa kama chumba. Gunia lilipigwa na jua likaonesha kivuli cha mtu aliyekaa nyuma yake. Tukasimama tukatazamana: je, kivuli kinahesabika? Kiranja wa darasa, kijana wa kwetu, akasema kwao kivuli hakihesabiki. Mwanachuo akasema hatutabahatisha. Tukaongeza safu ya pili. Darasa zima likanuka pumba.

Siku ya wakaguzi nilijipa kazi ya kurekebisha waya, nikabaki dirishani. Hakuna aliyenifukuza, nina umbo la kutofukuzwa.

Mzee ndiye aliyetangulia, somo la kuelea na kuzama. Beseni la maji, msumari, punje ya kakao, kijimtumbwi alichokichonga mwenyewe. Mkamwana nyuma ya pazia. Akauliza kwa nini msumari mdogo unazama na mtumbwi mkubwa unaelea. Mikono ikainuka. Kule nyuma gunia likatikisika. Kiranja, ambaye walimweka kando ya pazia, akainamisha sikio, akasimama.

"Mwalimu, aliyeko huku anasema mtumbwi una nafasi tupu ndani yake, msumari hauna."

"Mwambie vizuri sana. Mwulize, ukijaa maji nafasi hiyo inakwenda wapi?"

Kiranja akainama tena. Mkaguzi mmoja akaweka kalamu chini akawa anatazama tu. Wanafunzi walikuwa wameziba midomo.

Kisha wakabadilishana, kila mmoja mlango wake. Mzee akaingia nyuma ya magunia, binti akasimama ubaoni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia sauti. Hisabati, kujumlisha sehemu. Akafundisha vizuri, hata mimi nilifuata mpaka mahali fulani. Mkuu wa chuo akasema kutoka nyuma, "Uliza na kule pia." Binti akasita. Akauliza akilitazama dirisha: nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi?

Kiranja hakuwahi kuinama. Sauti ya mzee ikatoka yenyewe, nene, "Mbili ya tano."

Nikaona nyuso za darasa, nikajua amekosea.

Elewa palipo pagumu hapo. Mke wa mwanao hawezi hata kukutamka jina. Sasa amwambie baba mkwe, mbele ya wakaguzi, umekosa? Akinyamaza, si mwalimu, ameanguka. Akisema, ni mkamwana gani huyo. Chaki ilikuwa inamvunjikia vidoleni.

Binti akageukia ubao. Akachora mkungu wa ndizi, akaugawa katikati. Akalieleza darasa, si pazia: "Jibu hilo tulitazame wote. Nusu peke yake, hii hapa, ni kubwa kuliko mbili ya tano. Tulikuwa na nusu, tukaongeza kitu. Imekuwaje tumeongeza, na kimepungua?"

Halafu nyuma ya magunia likatoka cheko, cheko la mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Kweli! Nimeongeza, kimepungua! Ngoja, ngoja." Tukamsikia anakwaruza daftari. "Tano ya sita!"

"Tano ya sita," akasema binti, akaandika, na hakutazama nyuma.

Mkuu wa chuo alisema baadaye pazia halimo katika mwongozo. Mkaguzi akamjibu kwamba halijakatazwa pia. Likabaki mpaka kozi ilipokwisha, vijana wakiliandika kwa chaki, na wote wawili wakatoka na vyeti vyao. Binti cha juu, mzee cha kutosha.

Nilimsumbua miaka. "Niambie kweli. Ulikosea, au ulimtegea apate pa kuonesha?"

"Wewe jibu ulilijua?"

"Sikulijua."

"Basi kaa kimya."

Mara ya mwisho kumwona akiwa na nguvu zake ilikuwa kwenye kikao cha wazazi. Alikuwa amestaafu, mimi mashine nimewaachia wanangu. Mkamwana wake wakati huo ndiye mwalimu mkuu wa shule moja ng'ambo ya mashamba, na wajukuu wake na wangu walisoma hapo. Nilifika nikamkuta amekaa nje chini ya dirisha, juu ya tofali, mgongo ukutani. Ndani viti vilikuwepo.

"Mpaka leo?" nikamwambia. "Watu wanaongea na wakamwana zao kwa simu, wewe unakaa kwenye tofali?"

"Ingia ndani, unaniziba hewa. Na ukifika sema hoja yangu: darasa la saba walale shuleni, wakae kambi mpaka mtihani. Sema mzazi aliyeko nje anasema."

Nikaingia. Zamu yangu nikasimama, mimi wa darasa la pili, nikasema mzazi aliyeko nje anasema hivi na hivi. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mwalimu mkuu hakucheka. Akasema, "Mwambie mzazi aliyeko nje nimemsikia, ndaga fijo, asante sana. Kambi hapana. Madarasa haya hayana komeo, na sitalaza watoto wa kike mahali pasipo na komeo. Wazazi wakitengeneza milango tutaongea upya." Akaendelea na jambo lililofuata.

Nikatoka. "Umekataliwa."

"Nimesikia, dirisha liko wazi."

"Sasa mimi nilikwenda kufanya nini?"

Akaniangalia kama ananihurumia. "Ningekuwa ndani, kiti cha mbele, na mvi hizi, angeweza kusema hapana?"

Nikafikiri. Mimi si mtu wa kukubali upesi. "Asingeweza."

"Basi."

Kikao kilipoisha tukaondoka taratibu, magoti yake hayakuwa mazuri. Njia pale hupita juu ya ukingo wa majaruba, nyembamba, mpunga huku na huku, maji yamejaa. Tukasikia nyuma yetu walimu wanakuja wakizungumza, na sauti ya mkamwana imo. Nikajua itakavyokuwa: mwanamke mzima, mwalimu mkuu, na viatu vyake na vitabu mikononi, ataingia topeni na kuinama mbele ya walimu wake mpaka mzee apite.

Mwanachuo alikuwa ameshavua viatu. Akanipa nivishike. Akashuka yeye kwenye jaruba, maji yakamfika chini ya magoti, akaipa njia mgongo, akainama, akawa anashikashika mpunga wa watu kama anayetafuta magugu.

Mwalimu mkuu akafika. Akaona. Nilimwona anaona.

"Ugonile, tata," akanisalimia mimi.

Nikaitika. Akapita katikati ya njia.

Nikangoja mpaka wamefika mbali. Mzee bado kainama.

"Amepita?"

"Amepita."

"Alikimbia?"

"Hakukimbia. Alitembea."

Akanyooka polepole, akaninyooshea mkono. Nikaviweka viatu chini, nikamvuta.